Mabibi Harusi, Jifunzeni Kiini Macho Kabla Hakijawaliza



Leo tunakuja na neno ambalo baadhi yenu litawakera. Tunaomba mtuvumilie mpaka mwisho, ndipo mtoe hukumu. Sisi ni wanawake wa Likawage, wilaya ya Kilwa. Kazi yetu ni cherehani: tunashona magauni ya mabibi harusi, madera, mashungi na sare za shughuli. Kwa kazi hiyo tunakaa karibu na mwali siku zile za mwisho kabla ya ndoa. Tunampima, tunamrekebishia, na tunasikia ya ndani ya nyumba ambayo wageni waalikwa hawayasikii. Tuliyoyasikia ndiyo yanayotufanya tuseme hivi: kila binti anayekaribia kuolewa ajifunze hila za mikono wanazotumia watu wa mazingaombwe, hasa zile za karata, na ajifunze kutoka kwenye vitabu vinavyozifundisha.

Si kwa ajili ya kupanda jukwaani. Ajifunze ili asitapeliwe. Na zaidi ya hapo, ajifunze ili asije akamchukia mama mkwe wake maisha yake yote kwa sababu ya sindano iliyotoka kwenye kiganja cha mtu.

Msimu wa ufuta, msimu wa harusi

Huku kwetu ufuta ukishauzwa mnadani, pesa zinaingia vijijini kwa mara moja. Ndipo posa zinapopelekwa, mahari yanapotolewa, na vyerehani vyetu havilali. Na ndipo wanapofika wale wengine. Wapo wa karata tatu, wanaotandika kigunia gulioni na kwenye vituo vya mabasi. Na wapo wa "kusafisha nyota", wanaoingia majumbani kwa heshima na kuvulishwa viatu mlangoni. Wa kwanza anamvizia mwanamume mwenye pesa ya ufuta mfukoni. Wa pili anamvizia mwali na mama yake.

Tuchukue mfano mmoja, na jina la binti na kijiji chake tunayahifadhi. Siku chache kabla ya ndoa alipata homa, akawa hali wala halali. Nyumbani wakasema mwali kafanyiwa kitu. Akaletwa mtaalamu kutoka mbali. Yule bwana akamkanda binti tumbo kwa bonge la unga, akalivunja mbele ya watu wazima wote: ndani yake sindano tatu na uzi mweusi. Vigelegele vikageuka vilio. Kisha akaandika majina mawili kwenye vikaratasi, akavikunja, akamwambia binti achague kimoja "kwa mkono wako mwenyewe, ili usiseme nimekuchagulia". Likatoka jina la wifi yake.

Sehemu ya mahari ikaenda kwa mtaalamu. Hiyo ni hasara ndogo. Wifi alifukuzwa kwenye shughuli mbele ya halaiki, akaondoka na sare yake tuliyomshonea ikiwa haijavaliwa hata mara moja. Na homa? Zahanati walimtoboa kidole wakaona malaria, akapewa dawa, akapona. Malaria ilikwisha kwa siku tatu. Ugomvi wa mawifi mpaka leo haujaisha.

Sasa sisi ni mafundi, na sindano tunaijua. Sindano iliyokaa katika jasho na chumvi ya mwili inashika kutu, haitoki inang'aa kama iliyotoka kwenye pakiti asubuhi. Lakini katika chumba kile hakuna aliyeitazama sindano. Wote walikuwa wanalia, na hicho ndicho alichokitaka mtaalamu: macho yaliyojaa machozi hayaoni mkono.

"Lakini hiyo si sihiri?"

Hapa ndipo tunapopingwa, na anayetupinga tunamheshimu kwa kuwa anaogopa dini yake isiharibike. Anasema: mazingaombwe ni sihiri, na sihiri ni katika madhambi saba yanayoangamiza, mtawafundishaje wanawake wa Kiislamu jambo hilo?

Kwanza tuliweke wazi. Hatusemi uchawi haupo. Qur'ani imeutaja, na tumefundishwa Suratul Falaq na Suratun Nas tujikinge nao. Tunachosema ni kwamba si kila anayejitapa kuwa nao anao, na kwamba wengi wanaochukua pesa za wanawake kwa jina la uchawi hawana chochote ila vidole vyepesi na ulimi mtamu.

Pili, kirudieni kisa cha Nabii Musa, alayhis salaam. Watu wa Firauni walitupa kamba zao na fimbo zao, na Qur'ani inaeleza kwamba yaliyofanyiwa kazi ni macho ya watu, na kwamba zilionekana kana kwamba zinatembea. Kamba zilibaki kamba. Wapo wafasiri walioeleza kuwa zilitiwa zebaki ndani, zikawa zinajinyonganyonga kwa joto. Imamu Fakhruddin al-Razi, aliyefariki mwaka 1210, alizigawa sihiri katika mafungu manane, na fungu mojawapo ni hili la kucheza na macho: mtu anakushughulisha na jambo moja, na huku mkono wake unafanya jingine upesi. Ibn Kathir naye akayaleta mafungu hayo katika tafsiri yake. Basi wanazuoni hawa waliijua hila inavyofanyika, wakaieleza kwa wino, na umma ukaisoma. Hakuna aliyewaambia wamefundisha uchawi.

Na hebu tuulizane: siku ile, ni nani waliokuwa wa kwanza kusujudu? Si Firauni, wala si wakuu wake. Ni wale wachawi wenyewe. Kwa nini? Kwa sababu walijua hila inafika wapi na inaishia wapi. Walipoiona fimbo ya Musa wakajua hii si kazi ya mikono ya mtu. Aliyeijua hila ndiye aliyeitambua haki upesi. Sisi hatuoni hoja iliyo na nguvu kuliko hii.

Tunajua wapo maulamaa wanaokataza hata maonyesho ya mchezo, kwa kuwa yanafanana na sihiri na yana udanganyifu ndani yake. Hatubishani nao. Hatuombi ruhusa ya kumdanganya mtu yeyote. Tunaomba binti ajue mlango ambao mwizi hupitia. Na kuhusu kamari, jambo hilo limeharamishwa katika Suratul Maida bila mjadala. Hatuweki pesa, hatuweki dau, hata la pipi. Karata tunazofanyia mazoezi tumezikata wenyewe kwa mkasi kutoka kwenye kadi za mialiko ya harusi zilizopita.

Kilwa na kadhi wa China

Watu wa Kilwa tunajivunia kwamba Ibn Battuta alifika kwetu mwaka 1331, akausifu mji na ukarimu wa sultani wake. Wengi tunamalizia hapo. Lakini safari yake iliendelea miaka mingi, na huko China, katika mji wa Hangzhou, alikaa kwenye karamu ya mkuu mmoja na kuona jambo lililomtikisa. Mcheza mazingaombwe alirusha juu mpira wenye kamba mpaka ukapotea machoni, akamwambia kijana wake apande. Kijana akapanda, akapotea naye. Kisha vikaanza kuanguka viungo vyake: mkono, mguu, mpaka kichwa. Yule mcheza akaviunganisha, akavipiga teke, kijana akasimama mzima.

Ibn Battuta alikuwa mwanachuoni, aliyewahi kuwa kadhi Delhi na Maldivi. Pamoja na elimu hiyo, moyo ulimwenda mbio mpaka akapewa dawa ya kumtuliza. Aliyekuwa ameketi ubavuni mwake, kadhi wa Waislamu wa mji ule, hakutikisika. Akamwambia kwamba hapakuwa na kupanda wala kushuka wala kukatwa kiungo, yote ni kiini macho tu.

Wote wawili walikuwa na imani na wote walikuwa na elimu ya dini. Tofauti yao ni kwamba mmoja alikuwa anaijua michezo ya mji ule, na mwingine alikuwa mgeni nayo. Sisi tunataka mabibi harusi wetu wawe kama kadhi yule. Tunasema uchamungu peke yake unamlinda mtu na moto, lakini kitapeli humkwepi kwa nia njema tu. Mungu ametupa na akili, na ameagiza tuitumie.

Kitabu cha matapeli

Wanaosema kujifunza hila ni jambo la kizungu wamkumbuke al-Jawbari wa Dameski. Huyu aliishi karne ya 13, akatembea nchi nyingi akiwatazama matapeli kazini, kisha akaandika kitabu cha Kiarabu chenye milango 30 cha kufichua siri zao. Wamo masheikh wa uongo, wapiga nyota, waganga bandia, wanaodai kugeuza shaba kuwa dhahabu, na wenye wepesi wa mikono. Alikiandika kwa kutakiwa na mtawala wa zama zake. Kitabu kilitafsiriwa kwa Kiingereza na Humphrey Davies mwaka 2020.

Kisa kimoja humo tunakipenda. Al-Jawbari anasema alimwona tapeli aliyemfundisha kima kutoa salamu, kusujudu kwenye mswala, kupiga mswaki na kulia machozi. Ijumaa kima anavalishwa kifalme, anatiwa manukato, anapelekwa msikitini akisindikizwa na watumwa. Watu wakiuliza, wanaambiwa: huyu ni mwana wa mfalme wa India, kijana mzuri kupita wote, ila mkewe alimroga kwa wivu akamgeuza hivi, na sasa anadai mali nyingi ndipo amfungue. Kima analia. Waumini wanalia. Pesa zinamiminika.

Mmesikia nani aliyebebeshwa kosa? Mke. Hata mke asiyekuwepo duniani, aliyetungwa kwa ajili ya kima, ndiye mchawi. Dada zetu, mambo hayajabadilika kwa miaka 800. Kila sindano "inayotolewa" mwilini mwa mwali ina jina la mwanamke nyuma yake: mama mkwe, wifi, mke mwenza, shangazi asiyezaa, shoga uliyeacha kumwalika. Hatujasikia hata siku moja mtaalamu akisema sindano hizi zimewekwa na mjomba.

Na jambo hili linaua. Uingereza, mwaka 1584, mtu aitwaye Reginald Scot aliandika kitabu kirefu kupinga kuteswa na kuuawa kwa wanawake walioitwa wachawi. Hakuwa mcheza mazingaombwe. Alikuwa mtu wa shamba, na kabla ya hapo aliwahi kuandika kitabu cha kulima zao la hopsi. Lakini ndani ya kitabu chake cha pili alitia sehemu inayofundisha hila zenyewe: namna ya kuficha sarafu, ya kuchezesha karata, na ya kuonekana umejichoma shazia ulimini bila kuumia. Alijua kwamba jirani akishaona hila inavyofanyika, atapunguza kumshika kikongwe. Mpaka leo ni moja ya vitabu vya kwanza vya Kiingereza vilivyofundisha hila za karata, na kiliandikwa ili kuokoa roho za wanawake.

Sisi Watanzania hatuna haki ya kulicheka jambo hilo kama la Wazungu wa kale. Vikongwe wa nchi yetu, hasa kanda ya Ziwa, wameuawa kwa kuwa na macho mekundu, na macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni walizopikia wajukuu. Ndugu zetu wenye ualbino wamewindwa kwa maneno ya wapiga ramli. Januari 2015 serikali ilitangaza marufuku ya ramli chonganishi. Tunayo pia Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002, inayotaka mganga asajiliwe. Mganga wa mizizi na majani hatumgusi, wengi wetu tumeponywa na bibi zetu. Tunayemsema ni yule ambaye dawa yake ni jina la jirani.

Vitabu na hila nne

Sasa tufike kwenye vitabu vyenyewe. Vilivyo maarufu ni vya Kiingereza, na hilo lisiwatishe. Kiingereza chetu ni cha sekondari, kamusi tunaweka mezani, na michoro inasaidia. Kipo The Royal Road to Card Magic cha Jean Hugard na Frederick Braue, kilichoandikwa kwa anayeanza. Kinaanza na kuchanganya karata tu, na kila mlango unakutaka uuweze kabla ya kuvuka mwingine, kama fundi anavyokutaka ushone mstari ulionyooka kabla hajakupa kitambaa cha mteja. Na kipo The Expert at the Card Table, kilichotoka Marekani mwaka 1902 kwa jina la S. W. Erdnase, jina ambalo mpaka leo watu wanabishana ni la nani. Hiki kina michoro zaidi ya 100. Nusu yake ni hila za wacheza kamari, basi kisomwe kama askari anavyosoma ramani ya adui. Haki miliki yake imekwisha huko Marekani, na kinapatikana bure kwenye intaneti.

Hila nne zinatosha.

Ya kwanza ni kuchanganya kwa uongo. Karata zinapepea, zinapita mkono hadi mkono, na karata ya juu inakwenda chini na kurudi juu palepale ilipokuwa. Ukiishaiweza, hutamwamini tena mtu anayekwambia "umeona mwenyewe nimechanganya".

Ya pili ni kuficha kiganjani. Karata inalazwa kiganjani na kubanwa kidogo kwa kidole cha mwisho na shina la kidole gumba, na mkono unabaki umelegea. Anayeanza anakakamaa, na mkakamao ndio unaomfichua. Ukiifanya mwenyewe mara 200 utajifunza kitu kikubwa: usitazame mkono unaoonyeshwa, tazama ule unaojifanya umepumzika. Sindano tatu zinakaa palepale inapokaa karata. Hirizi "iliyochimbuliwa" uani inakaa palepale, ikisubiri mkono uingie kwenye udongo.

Ya tatu ni kuinua mbili kama moja. Unaonyesha karata, watu wanaapa wameiona, unaweka nyingine. Ndivyo chombo kilichokaguliwa kikiwa kitupu kinavyokuwa na kitu dakika moja baadaye: kilichokaguliwa si kilichotumika.

Ya nne ni kulazimisha chaguo, na hii ndiyo iliyomwangamiza yule binti. Nao ni ujanja wa maneno kuliko vidole. Vipo vikaratasi viwili, na mtaalamu anajua jina analotaka liko wapi. Anasema tu "chagua kimoja". Ukishika chenye jina analolitaka, anasema: huyo ndiye, mkono wako umemtaja. Ukishika kingine, anasema: vizuri, huyo umemwondoa, tuone aliyebaki. Kwa vyovyote anatoka aliyemtaka yeye, na wewe unalala ukiamini umechagua. Dawa yake ni neno moja, uliseme kabla hujagusa kitu: "Nikichagua, inakuwaje?" Akitaja masharti mapema, mchezo umekufa.

Na karata tatu za gulioni? Mkono unashika karata mbili, moja juu ya nyingine, na kila mtu anaiona ile ya chini. Mkono ukishuka, jicho linaamini ya chini ndiyo iliyoanguka kwanza. Kumbe kidole kimeachia ya juu. Kuanzia hapo unaifuata karata isiyo yako kwa uaminifu mkubwa. Wale wanaoshinda mbele yako ni wapambe wake. Akitokea mpambe akakunja ncha ya karata "ya ushindi" huku mwenyewe kageuka, usifurahi: ncha ile itanyooshwa, na nyingine itakunjwa, mkono mmoja, pumzi moja. Mwambieni mume wako hayo kabla hajapanda basi kwenda Nangurukuru na pesa ya ufuta.

Kwa nini kitabu, si video

Mabinti watatuuliza: kuna video tele kwenye simu, kitabu cha nini? Jibu letu ni hili. Video inakufanya mtazamaji, na mtazamaji ndiye anayeibiwa. Unaangalia, unasema "kumbe", unapitisha kidole, umesahau. Kitabu hakikuonyeshi chochote mpaka uifanye kwa mkono wako. Kinasema weka kidole hiki hapa, na wewe unakiweka, karata inaanguka, unaokota. Mwezi ukipita, mkono umejua. Na mkono ukijua, jicho haliwezi tena kuzugwa kirahisi. Hakuna fundi aliyejifunza kukata shingo ya gauni kwa kutazama gauni likivaliwa.

Robo saa kila usiku baada ya Isha inatosha. Mwali ndani ana muda kuliko mwanamke yeyote.

Masharti yetu

Kwa kuwa tunawajua watu, tunaweka masharti. Usimdanganye mtu kwa hila hizi ukamwacha ameamini. Ukimwonyesha mdogo wako, mfunulie palepale. Usidai una kipawa. Usitumie kwa pesa. Sisi wafanyabiashara tunajua kisa cha Mtume, swalla Llahu alayhi wasallam, alipoingiza mkono kwenye rundo la nafaka sokoni akakuta chini imelowa, akamkemea mwenye mali na kusema kwamba anayeghushi si katika sisi. Na angalieni namna alivyofanya: hakuridhika na alichoona juu ya rundo. Aliingiza mkono. Hilo tu ndilo tunaloliomba kwenu.

Kuna anayesema: wanawake wakijua hila watakuwa matapeli. Kwani wanaume wanaozijua leo waliombwa cheti cha tabia? Tapeli hangoji kitabu chetu, ameshajifunza kwa mjomba wake. Asiyejua ni yule anayetapeliwa. Kumnyima elimu kwa hofu ya kwamba ataharibika ni kumfungia mlango yeye na kumwachia mwizi ufunguo.

Kwenu masomo na mama zetu

Neno la mwisho ni kwenu mnaowafunda wali. Mnawafundisha usafi, mapishi, adabu ya kukaa na mume na kuwastahi wakwe. Ongezeni usiku mmoja. Mwekeeni mwali bonge la unga na sindano, mwonyesheni inavyoingia. Mwekeeni vikaratasi viwili, mchagulieni, halafu mfunulieni. Usiku mmoja huo unaweza kuokoa udugu wa miaka 40.

Na ewe bibi harusi, ukiumwa nenda zahanati upimwe. Ukiona hofu soma Ayatul Kursi, soma Falaq na Nas. Hazina bei, hazimtaji jirani, na hazihitaji mtu wa kutoka mbali. Kumbuka hadithi iliyomo katika Sahih Muslim, kwamba anayemwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, sala yake haikubaliwi siku 40. Siku 40, dada. Hiyo ndiyo fungate yako yote, na zaidi.

Wahenga wa pwani walisema ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Ya Musa tuyastaajabie na kuyaamini, yametoka kwa Mola. Ya Firauni tuyakague mkononi.

Yule wifi tuliyemtaja sare yake bado tumeitunza dukani, imekunjwa kwenye mfuko. Tunamwomba Allah aipatanishe mioyo yao, aje aichukue. Na atulinde sote na husda ya kweli na uchawi wa uongo, azitie baraka ndoa zenu, na azifanye mikono yetu iwe ya kushona, isiwe ya kupasua. Aamin.

Wabillahi tawfiq.